Maisha ya Omukama Kabalega na Upatanisho wa Maneno ya Idadi

Mwanachuo aisome habari hii akitazama viambishi vya vitenzi kila panapotajwa wingi wa watu au vitu.

Kabalega alikuwa Omukama wa Bunyoro baada ya kufa baba yake, Kamurasi. Aliunda jeshi la kudumu lililoitwa Abarusura, na mwaka 1872 alipambana na Samuel Baker huko Masindi. Baker akauchoma mji na kurudi nyuma. Jeshi hilo lilikua. Kitenzi kimefuata jeshi, si askari waliomo. Atakaye askari waonekane, na aandike kwamba askari wa jeshi hilo waliongezeka.

Mwishoni mwa 1893 Kanali Colvile aliivamia Bunyoro akiwa na askari Wasudani na maelfu ya Waganda. Vyakula viliharibiwa, njaa ikaingia. Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, wakaandika kwamba idadi kubwa ya Wanyoro walikufa. Lakini idadi haifi, idadi hupungua. Wafao ni watu. Basi iandikwe kwamba Wanyoro wengi walikufa na idadi yao ikapungua. Si ngeli peke yake itakayo hivyo: aliyekufa kwa njaa hastahili kufichwa nyuma ya nomino dhahania.

Kabalega alivuka Nile akaendelea kupigana kwa miaka kadhaa. Tarehe 9 Aprili 1899, Kabalega, pamoja na Mwanga wa Buganda, alikamatwa katika nchi ya Lango. Wapo waandishi watumiao wingi hapo, wala hawalaumiki. Ila kwa kuwa habari ni ya Kabalega, na mikato imemtenga mwenziwe, umoja wafaa zaidi. Penye na peke yake hapana hiari: Kabalega na Mwanga walikamatwa. Kabalega alipigwa risasi, na mkono wake mmoja ukakatwa.

Walipelekwa Kismayu, kisha Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega alibatizwa kwa jina la Yohana, na kila mwaka uliopita ulimkuta ugenini, hata miaka 24 ikatimia.

Mwaka 1923 aliruhusiwa kurudi. Sehemu kubwa ya safari ilikuwa imekwisha alipofika Jinja. Na huko Mpumudde, jina ambalo kwa Kiganda maana yake ni nimepumzika, alifariki tarehe 6 Aprili. Mwili wake ulipelekwa Mparo, karibu na Hoima, ukazikwa.