Jason Sendwe: jina liko ku lopitali, lakini mutu alikuwa nani?



Mara mingi kuna mwenzetu anayepeleka mugonjwa Lubumbashi. Tukimuuliza alimulaza wapi, anajibuka kwamba ni ku Sendwe. Jina tunalijua wote. Lakini mutu mwenyewe, vijana wetu wengi hawamujui tena. Ndiyo maana mu namba hii tunaandika maisha yake. Yanatuhusu sisi, watu tuliokimbia kwetu na tukarudia.

Jason Sendwe alizaliwa mu mwaka wa 1917 ku Mwanya, mu teritware ya Kabongo, jirani na sisi hapa Malemba-Nkulu. Alikuwa Muluba. Alisoma ku masomo ya misioni ya Wamethodisti. Alifundisha watoto, alihubiri, kisha akaingia kazi ya kutunza wagonjwa. Wakati ule mu Kongo ya Wabelgiji hakukuwa masomo ya kumufanya mutu mweusi kuwa munganga kamili. Kwa hiyo akafika pale mulango ulipoishia: akawa msaidizi wa munganga, kazi yenye heshima kubwa mbele ya watu.

Tukumbuke vile watu waliishi siku zile. Mutu hakutoka kijijini kwenda kukaa mujini bila karatasi ya ruhusa. Usiku mu Elisabethville (leo Lubumbashi) Mwafrika hakutembea ovyo mu mitaa ya wazungu. Vyama vya siasa vilikatazwa. Wakubwa walisema ni juu ya utulivu. Kitu kimoja tu kiliruhusiwa: watu wa asili moja kujiunga juu ya kusaidiana mu kilio, mu ugonjwa, mu shida ya kazi. Mu mwaka wa 1957 Baluba wa Katanga wakaanzisha chama kama kile, wakakiita Balubakat, na Sendwe akawa mukubwa wake. Ona basi: Balubakat ilianza kama chama chetu hiki, watu wanaokutana juu ya kusaidiana.

Wakati uhuru ulikaribia, chama kiligeuka cha siasa. Mu mwaka wa 1959 Balubakat ilitembea kidogo pamoja na Conakat, chama cha Moïse Tshombe, lakini mwaka ule ule wakaachana. Conakat ilitaka Katanga yenye mamlaka yake. Sendwe alitaka Kongo moja. Mu uchaguzi wa Mei 1960 akachaguliwa mubunge.

Ku bunge la jimbo, Conakat haikuwa na wingi wa kutosha kufanya serikali peke yake, maana sheria ilidai sehemu mbili kwa tatu za wajumbe wawe ndani ya baraza. Wajumbe wa Balubakat na wenzao wakakataa kuingia. Basi katikati ya Juni 1960 bunge la Ubelgiji likageuza sheria, siku chache tu mbele ya uhuru, na serikali ya Tshombe ikapita. Watu wa kaskazini wakaona kwamba kura zao zimewekwa kando. Ubaya wote uliofuata ulianzia pale, mbele bunduki hata moja haijalia.

Waziri mukubwa Lumumba alimutaja Sendwe kuwa mujumbe wa serikali ya inchi mu Katanga. Hakuipata nafasi ya kuifanya kazi ile. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga.

Sasa inchi mpya ilikuwa na woga. Iliogopa Kinshasa, na iliogopa zaidi watu wake yenyewe wa kaskazini, sababu walikataa utengano. Polisi na Sûreté, ni kusema ofisi ya usalama, zilikuwa chini ya waziri wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo. Kuwa wa Balubakat kukawa kosa. Kisha hata kuwa Muluba tu kukawa kosa. Hakuna aliyeuliza mutu amefanya nini. Waliuliza anatoka wapi. Majandarme wenye kuongozwa na maofisa Wabelgiji walipanda kaskazini, na vijiji vikachomwa moto. Wazee wetu waliishi mu majani na mu visiwa vya mito. Mambo haya yote yalifanywa mu jina la usalama wa taifa.

Tuseme ukweli wote, sababu chama chetu hakijengwi juu ya nusu ya ukweli. Vijana wa Balubakat nao waliua. Walisimamisha watu njiani na kuwahukumu kwa sura na kwa jina. Tarehe 8 Novemba 1960, ku Niemba, walishambulia askari wa Umoja wa Mataifa toka Irlandi, na 9 kati yao wakafa, watu waliokuja kulinda amani. Sendwe alijua hatari ile. Mu mwezi wa Oktoba 1960 alizunguka kaskazini chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa juu ya kutuliza watu. Kazi ngumu! Kumuambia mutu aliyechomewa nyumba aweke mushale chini, wakati aliyemuchomea angali na bunduki. Wengine walimusikia, wengi hapana.

Mu Januari 1961 Balubakat ilitangaza ku Manono jimbo la Lualaba, lenye kufuata Kongo moja. Mwezi ule ule, tarehe 17, Lumumba aliuawa mu Katanga. Mwisho wa Machi majandarme wakaiteka Manono.

Kisha kukaja jambo ambalo kila mwanamemba wetu anapashwa kulijua. Mu Agosti 1961, mu Elisabethville, Baluba walianza kukimbia nyumba zao na kwenda kulala karibu na askari wa Umoja wa Mataifa. Walikimbia kukamatwa na kupigwa usiku. Mu wiki chache wakawa zaidi ya 30 000 mu kambi moja, bila maji ya kutosha, bila vyoo. Na angalieni vizuri: mule kambini kulikuwa Baluba wa Katanga pamoja na Baluba wa Kasai. Woga ule ule uliwafukuza wote wawili, na mvua ile ile iliwanyeshea. Mu mwaka wa 1962 Umoja wa Mataifa ulipanga safari za kuwarudisha, wamoja Kasai, wengine huku kaskazini ya Katanga. Wale njo warudi wa kwanza wa inchi yetu huru. Sisi ni wadogo zao.

Sendwe wakati ule alikuwa Léopoldville. Tangu Agosti 1961 alikuwa naibu wa waziri mukubwa mu serikali ya Cyrille Adoula, mpaka Januari 1963. Mwezi ule wa Januari utengano ulikufa. Mu Septemba 1963 akawa prezida wa jimbo jipya la Katanga ya Kaskazini, mwenye makao yake ku Albertville, leo Kalemie. Alikuta jimbo lenye njaa, lenye silaha mingi, lenye wakubwa wanaogombana. Baraza lilimuondoa kwa muda mufupi, kisha akarudi.

Mu Juni 1964 waasi waliteka Albertville. Jason Sendwe akauawa mule. Alikuwa na miaka karibu 47. Na kati ya waasi wale kulikuwa vijana waliojifunza siasa ndani ya Balubakat yenyewe. Mutu ambaye Katanga ya Tshombe ilimuita adui wa usalama, aliuawa na watu waliosema nao kwamba wanakomboa inchi.

Tunajifunza nini? Miaka ile watu walinyanganywa haki moja kisha ingine: kura, mukutano, njia, mwisho nyumba. Kila mara waliambiwa ni kwa muda tu, ni juu ya kulinda inchi. Lakini usalama haukuja. Mutu aliyekatazwa kusema barazani alienda kusema mu pori, na kule lugha ni mushale na bunduki.

Leo sheria yetu ni ingine, na ni vizuri tuijue. Katiba ya 2006 inasema mu kifungu cha 18 kwamba polisi haiwezi kumushika mutu zaidi ya saa 48 bila kumupeleka mbele ya mwenye sheria. Kifungu cha 30 kinalinda haki ya kutembea mu inchi, cha 37 haki ya kufanya chama. Na kifungu cha 61 kinataja haki ambazo hata wakati wa hatari haziondolewi: uhai, kutoteswa, kujitetea mbele ya tribinali, uhuru wa mawazo na wa dini. Tusisahau pia ndugu zetu wa Ituri na Kivu ya Kaskazini. Tangu Mei 2021 wako chini ya utawala wa askari, uliotangazwa kwanza kwa siku 30, kisha ukaongezwa mara na mara, na tribinali za kijeshi zikahukumu raia.

Lakini tusiangalie tu wakubwa. Mu Novemba 2023, hapa hapa Malemba-Nkulu, kisha kijana wa pikipiki kuuawa, watu wa asili ya Kasai walishambuliwa na wengine wakauawa. Hawakuulizwa wamefanya nini. Waliulizwa wanatoka wapi. Ni ulizo lile lile la 1961, lakini safari hii lilitoka mu vinywa vya kwetu. Watoto wa watu waliolala kambi moja!

Kwa hiyo, ndugu, kama mwenzenu amekamatwa, andikeni siku, saa na pahali, mulete habari ku komite upesi, mbele saa 48 hazijapita. Kama mwenzenu amesingiziwa juu ya kabila lake, musikae kimya hata kama kabila lile si lenu. Na ninyi marafiki mnaotuchangia, mujue kwamba pamoja na mbegu na dawa, nauli ya kumufuata mutu aliyefungwa ni musaada mukubwa pia.

Mara ingine mukipeleka mugonjwa ku Sendwe, muwaambie watoto jina lile ni la nani.