Mwalimu na Mwezi wa Oktoba



Oktoba iliyopita, nikiwa likizoni nyumbani Majengo, nilipanda asubuhi moja hadi shuleni kwetu. Upepo wa Ufipa ulikuwa ule ule, vumbi tupu, mvua bado. Nikasimama mbele ya bweni ambamo tarehe 14 Oktoba 1999 tulisikia redioni sauti ya Rais Mkapa ikitangaza kifo cha Mwalimu Nyerere. Siku ile mpishi wetu aliliacha sufuria jikoni akakaa chini. Ugali ukaungua, wala hakuna aliyelalamika.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito. Alisoma Mwisenge, akaingia Tabora 1937, kisha Makerere 1943. Baada ya kufundisha St. Mary's, Tabora, alikwenda Edinburgh 1949, akarudi na shahada 1952. Kule wakati huo masomo yalianza Oktoba, majani yakipukutika na baridi ikiingia. Nadhani Mfipa angeistahimili. Mwaka 1955 aliacha ualimu Pugu kwa ajili ya TANU.

Habari ninayoipenda zaidi ni ya marejeo yake. Makerere, alikopata cheti cha ualimu, aliirudia akiwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa 1963 kwa kuunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga wahitimu kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Aliwafukuza zaidi ya 300, na papo hapo akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa baadaye. Kufukuza wote kwa mkupuo naona kulizidi kipimo. Lakini kuhusu mshahara, mimi mtumishi wa serikali nakiri sijawahi kujikata hata shilingi moja kwa hiari yangu.

Oktoba 1997, mzee wa miaka 75, alirudi Edinburgh kutoa mhadhara juu ya hali ya Afrika. Miaka miwili baadaye, Oktoba tena, alifariki London.

Nikiwa naondoka, kijana mmoja wa kidato cha pili aliniamkia, akauliza Mwalimu alikuwa akifundisha somo gani. Nikamjibu kwamba pale St. Mary's alifundisha Baiolojia na Kiingereza. Akacheka, akashika kichwa: Baiolojia alikuwa ameianguka wiki ile ile.