Makhan Singh na Ukumbi wa Kaloleni

Wahakiki wamekwisha kuonyesha jinsi riwaya ya kisasa inavyotumia visasili kuusaili usasa. Katika Matigari (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o anamtoa mpiganaji msituni baada ya vita, akaidai nyumba yake na kuikuta ina wenyewe wapya. Historia ya Nairobi inaye mtu halisi aliyeipita njia hiyo.

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akafika Nairobi mwaka 1927. Ujanani alitunga mashairi ya Kipunjabi. Mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi, akashikilia kwamba milango yake iwe wazi kwa watu wa rangi zote, jambo geni katika mji uliogawanya hata vyoo kwa rangi. Alizuiliwa India wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akarejea Kenya mwaka 1947. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliongoza kuundwa kwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, KAU na Kongresi ya Wahindi zilifanya mkutano wa pamoja. Wakati ambapo wanasiasa wengi waliomba viti zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria, Makhan Singh alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei alikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa zaidi ya wiki moja. Jaji Ransley Thacker, ambaye baadaye alimhukumu Kenyatta huko Kapenguria, ndiye aliyeisikiliza kesi yake. Lokitaung, Maralal na Dol Dol zilimmeza hadi Oktoba 1961: zaidi ya miaka kumi na moja.

Aliporudi, nyumba ilikuwa na wenyewe. Serikali ya uhuru haikumpa wadhifa, wala vyama alivyovizaa havikumrudishia uongozi. Akaketi kuandika historia ya vyama hivyo, iliyochapishwa mwaka 1969, akafariki mwaka 1973.

Kwa maoni yangu, kisasili cha taifa kilimwacha nje kwa sababu silaha zake zilikuwa kumbukumbu za mikutano na stakabadhi za ada. Msitu na bunduki husimulika kwa urahisi zaidi. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alilazimika kubuni ulimwengu mwingine ili aione haki. Nyaraka za Makhan Singh zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi, si mbali na Kaloleni. Katika riwaya za Kiswahili nilizozisoma, sijamkuta hata kwa jina la kupanga.