Daktari Alois Alzheimer

Huko kwenye miteremko ya Mlima Meru, kama popote duniani, hutokea bibi mzee akamwita mjukuu wake kwa jina la ndugu aliyekufa zamani, au akaenda shambani asijue njia ya kurudi nyumbani. Wengine husema amelogwa, na wengine husema ni uzee tu. Mtu aliyeonyesha kwamba kuna ugonjwa wenye alama zake ndani ya ubongo alikuwa Mjerumani, aliyeishi wakati ule Wajerumani walipojenga Boma la Arusha, mwaka 1900.

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 Juni 1864 katika mji mdogo wa Marktbreit. Alipokwisha kujifunza udaktari, alianza kazi mwaka 1888 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Huko alizungumza na wagonjwa, tena alitazama kwa hadubini vipande vyembamba vya ubongo wa waliokufa. Rafiki yake Franz Nissl alikuwa hodari wa kuvitia rangi vipande hivyo, hata chembe zake zikaonekana.

Mwaka 1901 mkewe Cecilie alifariki, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule aliletwa hospitalini mwanamke jina lake Auguste, mwenye umri wa miaka 51, wala hakuwa mzee. Alikuwa amemwonea mumewe wivu bila sababu, akaficha vitu ovyo, na hata kupika kukamshinda. Alzheimer aliketi naye akamwuliza mambo mepesi. Alimwonyesha kalamu na ufunguo, naye akavitaja sawasawa. Vilipofichwa, mara akavisahau. Alipotakiwa aandike jina lake, alianza, kisha yaliyobaki yakampotea. Daktari hakumcheka wala hakumharakisha, bali aliandika yote.

Auguste alikufa mwezi wa Aprili 1906. Wakati huo Alzheimer alikuwa amehamia Munich, kwa Profesa Emil Kraepelin, naye akaomba apelekewe ubongo wa yule mgonjwa. Akauona umesinyaa. Katikati ya chembe palikuwa na madoa ya kitu kigeni, na ndani ya chembe nyuzi zilizosokotana kama uzi uliochezewa na paka. Novemba mwaka huo aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen. Hakuna aliyeuliza hata swali moja! Lakini mwaka 1910 Kraepelin aliuita ugonjwa ule kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake.

Alzheimer mwenyewe hakujua madoa yale yamefanywa na nini. Jambo hilo lilijulikana katika miaka ya 1980: madoa hufanywa na protini iitwayo beta-amiloidi, na nyuzi hufanywa na protini nyingine iitwayo tau. Wanafunzi wa Meru wataelewa upesi, kwa kuwa wanaijua mifereji iletayo maji migombani. Mfereji mkuu waweza kuwa mzima, lakini tope likijaa mahali unapogawanyika, shamba la chini hukauka. Chembe za ubongo nazo hupelekeana habari kwenye maungio madogo mno. Protini zikirundikana, maungio hayo huharibika kwanza, habari hazivuki, na baadaye chembe zenyewe hufa. Ndiyo sababu mgonjwa husahau ya leo asubuhi, huku akikumbuka ya utotoni. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haijapatikana.

Hata kwetu umepimwa. Katika wilaya ya Hai, iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro, madaktari waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Habari ilitolewa mwaka 2013, kwamba katika kila wazee 100, kama 6 wana maradhi ya kupotewa na akili, na ugonjwa wa Alzheimer ni mmojawapo.

Mwaka 1912 Alzheimer alifanywa profesa mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław katika Polandi. Aliugua safarini, wala hakupata tena nguvu zake. Alifariki tarehe 19 Desemba 1915, naye alikuwa na miaka 51, sawa na Auguste siku walipoonana. Alizikwa Frankfurt kando ya mkewe.

Mwaka 1995 faili la Auguste lilionekana tena hospitalini Frankfurt. Ndani yake mlikuwa na maandiko ya daktari, pamoja na karatasi ambayo mwanamke yule alijaribu kuandika jina lake.