Cyprien Rugamba, Bingwa wa Ngoma Aliyerudi Kanisani

Katika Rwanda ya kale, vijana waliolelewa kwenye makao ya mfalme walifundishwa silaha, ushairi na ngoma kwa pamoja. Hao ndio intore, maana yake wateule. Walicheza kwa mistari, mkuki mkononi na njuga miguuni. Msomaji aliyepita katika uwanja wa kwata hatahitaji kuelezwa jinsi nidhamu ya moyo inavyoanza na nidhamu ya mwili.

Mapadri Weupe, waliofungua misheni ya Save mwaka 1900, walikuwa na mashaka. Walipiga vita ibada ya kubandwa, na ngoma nazo zikatazamwa kwa jicho la shaka. Muumini mwema akawa yule atuliaye.

Hayati Cyprien Rugamba alizaliwa kusini mwa nchi yapata mwaka 1935. Aliingia seminari, akaiacha, na imani akaiacha vilevile. Alisoma Bujumbura na Ubelgiji, akawa mwanahistoria, mshairi na mtunzi wa ngoma, kisha mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti mjini Butare. Kundi lake, Amasimbi n'Amakombe, lilivuma nchini kote. Nyumbani hali haikuwa njema: mkewe Daphrose Mukansanga, aliyemwoa mwaka 1965, alivumilia dharau kwa miaka mingi, naye akazidi kusali.

Mwaka 1982 Rugamba aliugua, na katika kuugua huko akaurudia Ukristo. Wengi wangetazamia aitupe ngoma kama mzigo wa ujana. Hakuitupa. Wachezaji wale wale, kwa hatua zile zile, wakaanza kumsifu Mungu. Mtaguso wa Vatikano ulikwisha kuukubali muziki wa mataifa tangu 1963. Lakini kibali cha karatasi ni kitu kimoja, na kuinua mikono mbele ya waumini ni kingine.

Baadaye walihamia Kigali, mji ambao vitongoji vyake kama Kimisagara vimesongamana kwenye miteremko ya milima. Mwaka 1990 walianzisha huko Jumuiya ya Emmanuel, na wakawalisha watoto wasio na makao. Wakati ambapo kabila liliandikwa katika kitambulisho, wao walikataa kuwabagua watu.

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 askari waliingia nyumbani mwao. Walimwua Rugamba, mkewe, na watoto wao sita. Kituo cha watoto wa mitaani mjini Kigali kina majina ya wawili hao hata leo.