Kikao Huahirishwa na Wenye Kikao

Wakati mmoja nilihudhuria mkutano wa mwaka wa chama cha ushirika ambacho mimi ni mwanachama. Mzee mmoja alipoinuka kuuliza hesabu za fedha za pembejeo, mwenyekiti aliitazama saa yake, akatangaza kwamba mkutano umeahirishwa, akachukua mkoba wake na kutoka. Hakuna aliyetoa hoja, hakuna aliyeiunga mkono, wala siku ya kurejea haikutajwa. Tuliachwa tukitazamana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimkumbuka Sir John Eliot, Mwingereza aliyefia gerezani kwa sababu ya swali hilo hilo: kikao kikishaketi, ni nani mwenye haki ya kukiahirisha?

Eliot alizaliwa mwaka wa 1592 huko Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, akaingia Bungeni mwaka wa 1614 angali kijana. Mwanzoni hakuwa mpinzani hata kidogo. Alikuwa mfuasi wa Duke wa Buckingham, kipenzi cha mfalme, na kwa hisani yake alipata cheo cha kusimamia pwani ya Devon. Mnamo 1623 alimnasa haramia mmoja maarufu, John Nutt. Kumbe haramia huyo alikuwa na rafiki katika ikulu! Aliyetiwa ndani ni Eliot.

Pengine hapo ndipo macho yake yalipofunguka. Mwaka wa 1626 aliongoza mashtaka ya Bunge dhidi ya Buckingham yule yule aliyemlea. Mfalme Charles wa Kwanza alimtupa katika Mnara wa London kwa siku chache, kisha akalivunja Bunge ili kumwokoa kipenzi chake. Mwaka wa 1628 Eliot alikuwa miongoni mwa waliopigania Ombi la Haki, lililokataza kodi isiyoidhinishwa na Bunge na kifungo kisicho na sababu.

Hapa yafaa nitofautishe mambo manne ambayo wengi huyachanganya. Mapumziko ni ya muda mfupi, na wajumbe hurejea pale pale walipoachia. Kuahirisha ni kusitisha shughuli hadi wakati mwingine, na yaliyosalia hungoja. Kufunga kikao cha Bunge huyaua mengi ya yaliyosalia. Kulivunja Bunge ni kuwarudisha wabunge kwa wapiga kura. Wakati huo mfalme alikuwa na uwezo wa kufunga na wa kuvunja. Lakini wabunge walishikilia kwamba kuahirisha ni haki ya Bunge lenyewe.

Tarehe 2 Machi 1629, Spika John Finch alitangaza kwamba mfalme ameamuru Bunge liahirishwe hadi tarehe 10. Ukumbi ulijaa sauti za kukataa. Eliot aliinuka kuzungumza, naye Spika akataka kuondoka, kwa maana bila Spika kitini hapana kikao. Wabunge wawili, Denzil Holles na Benjamin Valentine, walimshika wakamkalisha kwa nguvu. Mlango ulifungwa kwa ufunguo. Spika alitokwa na machozi, akakataa katakata kuliuliza Bunge uamuzi wake. Eliot alikuwa amekwisha kuitupa karatasi yake motoni, hivyo Holles aliyasoma maazimio matatu kutoka kichwani huku mjumbe wa mfalme akibisha hodi. Yalipitishwa kwa sauti za wengi. Kisha, na hili ndilo linalonigusa zaidi, wabunge waliamua wao wenyewe kuahirisha kikao, mlango ukafunguliwa.

Mfalme alilivunja Bunge na hakuita jingine kwa miaka 11. Eliot alitozwa faini ya pauni 2,000 na kufungwa mpaka akiri kosa. Wenzake kadhaa walijinyenyekeza wakatoka, yeye alikataa. Kifua kikuu kilimwua ndani ya Mnara tarehe 27 Novemba 1632, akiwa na umri wa miaka 40. Mwanawe alipoomba maiti ili aizike Cornwall, mfalme hakukubali.

Mgala muue na haki umpe. Siwezi kusifu kitendo cha kumshika Spika kwa nguvu, na Eliot mwenyewe alikuwa amekula katika meza aliyoipindua baadaye. Lakini swali lake lilidumu kuliko kaburi lake. Mwaka wa 1641 Bunge lilipitisha sheria kwamba halingeahirishwa wala kuvunjwa bila ridhaa yake, na mwaka wa 1668 hukumu dhidi ya Eliot ilibatilishwa.

Sisi Wakenya tulirithi desturi nyingi za Bunge hilo, pamoja na vishawishi vyake. Chini ya Katiba ya zamani, Rais aliweza kufunga kikao cha Bunge au kulivunja wakati wowote. Katiba ya 2010 ilimwondolea mamlaka hayo. Ni ajabu basi kwamba jambo alilonyimwa Rais wa nchi, mwenyekiti wa chama kidogo cha wakulima angali analifanya kwa kutazama saa tu.

Mkutano wetu ukiitwa tena, nitaomba hoja ya kuahirisha iletwe mbele ya wanachama, iungwe mkono, ipigiwe kura, na siku ya kurejea itajwe. Yule mzee angali anangoja hesabu zake.