Mzee Honda na Acura iliyopoa

Ukisikia Acura imeboesha siku hizi, mkumbuke Soichiro Honda. Mtoto huyu wa mhunzi, mzaliwa wa 1906 huko Japani, aliingia gereji ya Tokyo kujifunza ufundi akiwa na miaka 15. Mwaka wa 1948 akaanzisha kampuni yake. Jamaa alipenda mbio balaa! 1965, gari lake lilishinda Formula One nchini Mexico.

Acura, chapa ya kifahari isiyokamua mfuko sana, ilizinduliwa Marekani 1986, mzee akiwa ameshastaafu. Integra na NSX zilikuwa moto wa kuotea mbali. Alifariki 1991. Baadaye Legend ikawa RL, Integra ikawa RSX: herufi tupu, na kwangu msisimko ulianzia kupotea hapo. Integra ilirudi 2022, na unaweza kuipata yenye gia za mkono. Hiyo angeiendesha.